Kuta na Udongo: Nyumba ya Magomeni na Haki ya Mwafrika ya Kuwa na Kwake

Kila nyumba ina sehemu mbili ambazo hazitengani machoni mwa mpita njia, bali hutengana mbele ya sheria. Sehemu ya kwanza ni kuta, paa na milango, yaani vitu vilivyofanywa na mkono wa mtu. Sehemu ya pili ni udongo uliovibeba vitu hivyo, na udongo huo hapana mtu aliyeufanya. Historia ya Mwafrika na nyumba yake katika Tanganyika ni historia ya swali moja lililoulizwa tena na tena kwa sauti mbalimbali: aliyejenga kuta ana haki gani juu ya udongo? Wazee wa vijijini walilijibu kwa desturi, watawala wa kigeni wakalijibu kwa amri, na baada ya uhuru likajibiwa kwa siasa, kisha kwa hukumu ya mahakama. Ipo nyumba moja ndogo mjini Dar es Salaam ambayo hukusanya sehemu kubwa ya majibu hayo chini ya paa lake. Nayo ni nyumba ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, katika Mtaa wa Ifunda, Magomeni.

Nyumba hiyo si kasri. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, nje kidogo ya kitovu cha mji, katika mtaa wa watu wa kipato cha kawaida. Leo ni makumbusho, na wanafunzi huingia kutazama vyombo na samani za jamaa aliyeishi humo kabla ya nchi kupata uhuru. Wengi hutoka wakistaajabia udogo wake. Lakini wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aingiaye kwa fikira, wala si kwa miguu tu, atakuta humo jambo kubwa kuliko samani. Mtu aliyejenga kuta hizo ndiye aliyesema, katika miaka ile ile, kwamba udongo ulio chini yake haupasi kuwa mali ya mtu mmoja ya kuuza na kununua. Ili kulifahamu jambo hilo, yafaa kuanza mbali na Dar es Salaam, kwa watu ambao walikuwa na nyumba kabla ya kuwapo hati.

Katika Usukuma, na hasa katika nchi ya Binza na Bariadi, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa na sasa imo katika mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012 ukihesabiwa miongoni mwa mikoa mipya, makao ya mtu yaliitwa kaya. Kaya ilikuwa na nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi, zizi la ng'ombe katikati au kando, na aghalabu ua wa minyaa uliozunguka vyote. Mashamba na mahali pa kukaa, pamoja, viliitwa itongo. Mwenye itongo hakulinunua kwa mtu. Alilipata kwa kuomba kwa wakubwa wa kijiji waliokuwa chini ya mtemi, au kwa kurithi, au kwa kufyeka pori lisilo na mtu. Maadamu alilima na kukaa, hapana aliyemwondoa pasipo sababu. Alipohama, ardhi ilirudi kwa jumuiya ili apewe mwingine. Alikuwa na haki kamili juu ya kazi ya mikono yake, yaani nyumba, mazao na ua. Walakini hakuwa na haki ya kuupeleka udongo sokoni.

Desturi hiyo haikuwa ya Wasukuma peke yao, wala haikuwa sawa kila mahali. Katika Kilimanjaro, kihamba cha migomba kilishikwa na ukoo kwa vizazi vingi, hata kikawa karibu sawa na mali ya kudumu. Katika Buhaya, utaratibu wa nyarubanja uliwafanya wakulima wengi kuwa watwana wa mabwana wachache, na haukufutwa mpaka miaka ya 1960. Kwa hiyo si kweli kwamba Mwafrika wa zamani hakujua kumiliki. Alijua, tena kwa namna nyingi. Katika nchi za Usukuma neno kumiliki lilifungamana na kutumia, na kutumia kulifungamana na kukaa pamoja na jirani. Nyumba ilikuwa ushahidi wa kukaa. Mwenye nyumba alikuwa mwenyeji, na mwenyeji alikuwa na sauti.

Walipokuja Wajerumani, swali lilibadilika. Kwa amri ya mwaka 1895 ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ilitangazwa kuwa ya dola, na mwenyeji akatakiwa aoneshe haki yake, kana kwamba yeye ndiye mgeni. Waingereza walipopewa udhamini wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Sheria hiyo ilisema kwamba ardhi yote ni ya umma, nayo iko chini ya mamlaka ya Gavana kwa faida ya wenyeji. Mtu aliweza kupewa haki ya kukaa kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa ili kutambua kwamba wenyeji waliokaa kwa desturi zao nao wana haki hiyo. Kwa maandishi, basi, Mwafrika alikuwa amehifadhiwa. Kwa matendo, haki yake ilikuwa nyepesi mbele ya mkono wa serikali, kwa kuwa mlinzi wa ardhi na mwenye uwezo wa kuitoa kwa mwingine walikuwa mtu mmoja.

Wepesi huo ulionekana wazi katika Meru. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili nchi yao ipewe walowezi wa kizungu. Nyumba zao ziliharibiwa na mali yao ikatawanyika. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma hiyo, nayo ikawa habari ya Tanganyika nzima. Kesi ya Meru ilifundisha jambo ambalo halikuhitaji shule: mtu aweza kujenga nyumba kwa jasho lake, akazaa na kuzika hapo, na bado akaambiwa siku moja kwamba yeye ni mpita njia.

Katika miji hali ilikuwa nyingine, lakini swali lilikuwa lile lile. Dar es Salaam iligawanywa kwa kanuni za ujenzi zilizoanza wakati wa Wajerumani na kuendelea chini ya Waingereza. Eneo la kwanza lilitakiwa liwe na nyumba za namna ya Kizungu, la pili nyumba imara za biashara na makazi, na la tatu liliruhusiwa nyumba za namna ya wenyeji. Kanuni hazikutaja rangi ya mtu, bali zilitaja namna ya jengo. Lakini kila mtu alijua maana yake, na lugha ya watu ikayaita maeneo hayo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa wazi, ndio Mnazi Mmoja. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokusanywa hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mahali palipolaza wapagazi ndipo palipokuja kuwa moyo wa mji wa Waafrika.

Hapo Kariakoo ndipo iliposhamiri nyumba iitwayo ya Kiswahili. Umbo lake lajulikana: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la makuti au la madebe yaliyokunjuliwa, na baadaye la mabati. Mjenzi hakuinunua ardhi. Alipewa kiwanja, akalipia ada yake, naye akawa na kuta tu. Lakini kuta hizo zilifanya kazi nyingi. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na jamaa yake, na vyumba vingine akavipangisha kwa wageni waliotoka bara kutafuta kazi. Kodi ya vyumba ilikuwa pensheni ya watu wasio na pensheni. Kwa sababu hiyo wanawake wengi wa mjini, wajane na walioachwa, walijitahidi kupata nyumba. Mwanamke mwenye nyumba hakuhitaji kurudi kwa kaka yake kuomba unga, na barazani pake watu walimwamkia kwa heshima.

Kwa nini basi nyumba za Waafrika zilikuwa za udongo na madebe, hata pale ambapo mwenyewe alikuwa karani au fundi mwenye mshahara? Hapana budi kutazama sheria nyingine, ambayo mara nyingi husahauliwa. Tangu mwaka 1923, na kwa nguvu zaidi kuanzia mwaka 1931, ilikuwako sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani, isipokuwa liwe limeidhinishwa na ofisa wa serikali. Watungaji walisema kwamba nia ilikuwa kumkinga mwenyeji asinyang'anywe mali yake na wakopeshaji. Huenda nia hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini matokeo yalikuwa kwamba hapana mfanyabiashara wala benki iliyokuwa na hamu ya kumkopesha Mwafrika fedha za matofali. Mwenye duka wa kigeni alijenga kwa mkopo wa miaka mingi na akalipa polepole. Mwafrika alijenga kwa akiba, bati moja moja, mwaka hadi mwaka. Nyumba yake ikachelewa, nao waliochelewesha wakasema kwamba Mwafrika hapendi nyumba imara.

Inafaa kupima mambo haya kwa mizani ya mahali pengine. Katika Nairobi, Waafrika wa kijiji cha Pangani walikuwa wamejijengea nyumba zao na kupangisha, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi. Kijiji hicho kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa kuwa haki ya wenye nyumba haikuwa na mizizi katika udongo. Katika Marekani shida ilikuwa kinyume. Huko Mtu Mweusi aliweza kwa sheria kuununua udongo wenyewe, lakini wazungu wenye nyumba walifanya mapatano ya maandishi kwamba hawatamuuzia. Jamaa ya Shelley walinunua nyumba katika mji wa St. Louis mwaka 1945, wakashitakiwa na majirani ili watolewe. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za nchi haziwezi kutumiwa kuyatekeleza mapatano hayo, na nyumba ile leo imehifadhiwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Katika Marekani mlango ulifungwa na jirani. Katika Afrika Mashariki ulifungwa na kanuni za mji na uhaba wa mkopo. Lakini pande zote mbili nyumba ilikuwa na maana moja: ilikuwa dai la kuwa mwenyeji katika nchi ambayo wengine walitaka uwe mgeni.

Si ajabu, basi, kwamba siasa ya Tanganyika ilikua majumbani. Chama cha African Association kilichoanzishwa mwaka 1929 kilikuwa na jumba lake katika Mtaa wa New Street, ambao leo huitwa Mtaa wa Lumumba, na katika jumba hilo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Wenye nyumba wa Kariakoo walikuwa na kitu ambacho wapangaji wa serikali na watumishi waliolala katika nyumba za mabwana hawakuwa nacho, yaani baraza ambayo hapana bwana aliyeweza kuwafukuza. Nyerere alipoacha ualimu wa Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, aliacha pia nyumba iliyokuja na kazi. Alipokuwa hana mahali mjini, alipokewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa wenyeji wa Kariakoo waliokuwa na nyumba na jina. Kiongozi wa chama kilichodai nchi nzima alianza maisha yake ya siasa akiwa mgeni chini ya paa la rafiki.

Wakati huo serikali ilikuwa ikiupanua mji kwa ajili ya Waafrika. Baada ya Vita Kuu ya Pili zilijengwa nyumba za serikali za kupangisha katika Ilala, Temeke na Magomeni, zilizojulikana kwa jina la kota, na pia vilipimwa viwanja ambavyo Mwafrika aliweza kujijengea mwenyewe. Tofauti ya mpangaji wa kota na mjenzi wa kiwanja ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya mapaa yao. Mpangaji wa kota aliishi kwa hisani ya serikali. Mjenzi wa kiwanja, ingawa udongo haukuwa wake, alikuwa na kuta zake. Nyerere alichagua kujenga, na nyumba ya Mtaa wa Ifunda ikasimama.

Katika miaka hiyo hiyo likaja jambo lililomtaka kila mwenye kuta afikiri juu ya udongo. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi tangu mwaka 1953 hadi 1955, ilishauri kwamba Waafrika wahimizwe kumiliki ardhi mtu mmoja mmoja, ili iwe mali ya kuweka rehani na kuuzwa. Kenya ilikwisha kuanza kufuata njia hiyo. Mwaka 1958 serikali ya Tanganyika ilitoa waraka uliokusudia kumruhusu Mwafrika apate umilikaji wa milele wa ardhi yake. Kwa jicho la kwanza hii ilikuwa heri. Watu walionyimwa hati kwa muda mrefu sasa walikuwa wakipewa hati kubwa kuliko zote. Wengi wangetazamia kwamba kiongozi wa Waafrika, tena mwenye kujenga nyumba yake mwenyewe mjini, angeipokea kwa mikono miwili.

Nyerere aliikataa. Katika andiko lake la mwaka 1958 juu ya mali ya taifa alieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba mtu afyekapo pori au achimbapo kisima huwa na haki juu ya kazi aliyoifanya, bali udongo wenyewe haukutoka kwake. Akaonya pia kwa hesabu ya kawaida. Katika nchi ambamo Waafrika wengi ni maskini na wageni wachache wana fedha, kuifanya ardhi kuwa bidhaa ni kuwafanya wenyeji wawe wapangaji katika nchi yao, hata kama hapana mtu aliyewanyang'anya kwa nguvu. Alichokitaka ni kwamba mtu awe na haki ya kutumia ardhi kwa salama na kwa muda mrefu, na kwamba haki hiyo isigeuzwe kuwa njia ya kukaa bure na kula jasho la mwingine.

Mzee wa Binza asiyejua kusoma angeyaelewa maneno hayo mara moja, kwa kuwa ilikuwa sheria ya itongo iliyovikwa vazi la siasa. Hata hivyo fikira hiyo ilikuwa na upande wa pili, ambao msomaji wa leo hana ruhusa ya kuufumbia macho. Ikiwa udongo si wa mtu bali ni wa wote, ni nani atakayesema kwa niaba ya wote? Katika itongo waliosema walikuwa jirani na mtemi, ambao mwenye kaya aliwajua kwa majina. Katika taifa atakayesema ni serikali. Fikira ile ile iliyomkinga maskini asinunuliwe na tajiri yaweza kumwacha wazi mbele ya serikali, isipokuwa haki yake juu ya kuta na jasho ilindwe kwa nguvu sawa na ile iliyotumika kuukinga udongo.

Mwezi wa Septemba 1960 Nyerere akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru. Kazi ya serikali ilikwisha kumtoa Magomeni, lakini fikira ya mwaka 1958 aliiingiza katika sheria. Mwaka 1963 umilikaji wa milele uliokuwako, ambao wenyewe wengi hawakuwa Waafrika, uligeuzwa kuwa wa muda. Mwaka huo huo mamlaka ya watemi yalifutwa, na kwa hiyo katika Usukuma mlinzi wa zamani wa itongo akaondoka. Mwaka 1962 Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwa limeanzishwa, likaanza kubomoa vibanda na kujenga nyumba imara katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, Magomeni ikiwamo. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000.

Hapo ndipo kuta zilipoanza kuguswa. Sharti la Azimio lilikuwa na sababu njema: kiongozi asije akawa bwana wa wapangaji. Lakini katika mji ambao nyumba ya vyumba sita ilikuwa pensheni ya mjane, sharti hilo liliwaangukia pia watu ambao hawakuwa mabepari kwa kipimo chochote. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alikuwa miongoni mwa walioliona kuwa zito. Swali lake halikuwa la kudharauliwa. Je, kodi ya chumba kimoja ni unyonyaji, au ni malipo ya jasho la aliyejenga chumba hicho? Andiko la mwaka 1958 lilikuwa limesema kwamba jasho lina mwenyewe.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja mashambani. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Katika Usukuma, ambako kaya zilikaa mbalimbali, kila moja na mashamba na malisho yake, kuhama kulikuwa na maana ya kuiacha nyumba, ua wa minyaa na makaburi ya wazee. Watu waliambiwa wajenge upya kwa mistari, kando ya barabara. Shule, visima na zahanati zilifuata mahali pengi, na faida hizo haziwezi kukanwa. Lakini namna ya kuhamisha, pale ilipofanywa kwa haraka na kwa nguvu, ilivunja ile kanuni ya kwanza. Mtu aliyefyeka pori na kusimamisha kuta hakuulizwa, wala jasho lake halikuhesabiwa. Serikali ya mtu aliyejenga Mtaa wa Ifunda ilifanya katika nyumba za wengine jambo ambalo kitabu chake hakikuliruhusu.

Makovu ya uhamisho huo hayakupona upesi. Miaka ya 1980 watu wengi walikwenda mahakamani kudai mashamba yao ya zamani, na baadhi wakashinda. Serikali ikaona kwamba vijiji vitavurugika, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta haki za desturi zilizokuwako kabla ya vijiji na kuzuia kesi zake. Wakulima wawili wa mkoa wa Arusha walikuwa wamekwisha kurudishiwa ardhi yao na mahakama, na sheria mpya ikataka kuwapokonya ushindi huo. Shauri lao lilifika mbele ya Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali akatoa hukumu ambayo mwanafunzi wa historia hana budi kuisoma.

Mahakama iliamua kwamba haki ya desturi ya kukaa katika ardhi ni mali, nayo inalindwa na Katiba. Serikali haiwezi kuitwaa pasipo fidia ya haki. Ikasema zaidi ya hapo: fidia si ya majengo na mazao tu, bali hata ardhi iliyofyekwa na kutunzwa ina jasho ndani yake, na jasho hilo lina thamani. Katika kuijenga hoja hiyo Jaji Mkuu alilitegemea andiko la Nyerere la mwaka 1958. Maneno yaliyoandikwa ili kuukinga udongo usiuzwe yalitumika, baada ya miaka 36, kuikinga kazi ya mkulima isipotezwe na dola iliyoundwa na mwandishi wake.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Wako wasemao kwamba fikira ya ardhi kuwa ya umma ndiyo iliyoleta uhamisho wa nguvu, na kwamba kama Mwafrika angepewa hati ya milele mwaka 1958 asingehamishwa mwaka 1974. Historia haithibitishi hivyo. Pangani ya Nairobi ilibomolewa katika koloni ambamo walowezi walikuwa na hati za milele. Kilichokosekana katika Usukuma hakikuwa soko la udongo, bali heshima ya jasho. Andiko lilikuwa na vifungu viwili. Kifungu cha kwanza, kwamba udongo ni wa wote, kilitekelezwa kwa nguvu zote. Kifungu cha pili, kwamba kazi ya mtu ni yake, kiliachwa mpaka majaji walipokiokota. Dhuluma ilizaliwa na kulisoma fundisho nusu.

Tume ya Rais juu ya mambo ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwaka 1991 na 1992, ilikwisha kusikiliza malalamiko ya namna hiyo nchini kote. Mwaka 1999 zikatungwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Ardhi ilibaki kuwa ya umma chini ya Rais, lakini haki ya desturi ikatajwa kuwa sawa na haki iliyotolewa kwa hati, na fidia ya haki ikawekwa kuwa kanuni. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo Mwalimu alifariki. Mkulima wa Binza leo aweza kupata cheti cha haki ya kimila ya kumiliki ardhi kutoka kwa kijiji chake, jambo ambalo babu yake hakulihitaji na baba yake alilikosa siku alipolihitaji.

Magomeni nayo imebadilika. Kota za zamani zilivunjwa, na mahali pake yakajengwa maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo. Waliokuwa wapangaji wa serikali kwa miaka mingi wakafunguliwa njia ya kununua makao yao. Hivyo hata kota, zilizojengwa ili Mwafrika aishi kwa hisani, zimeishia katika swali la nani mwenye kuta.

Nyumba ya Mtaa wa Ifunda ingali imesimama. Yafaa wanafunzi waendelee kuingia humo, lakini wasiishie kustaajabia kwamba kiongozi mkubwa aliishi katika nyumba ndogo. Unyenyekevu ni fadhila, nao hautoshi kuwa somo la historia. Somo lililomo ni kwamba kuta zile zilijengwa na mtu ambaye hakudai udongo, naye hakuondolewa, kwa kuwa haki ya aliyejenga iliheshimiwa. Haki ya namna hiyo ndiyo waliyoitaka watu wa Engare Nanyuki, wajane wa Kariakoo, na wenye kaya wa Bariadi walioacha minyaa yao ikimea pasipo nyumba ndani yake. Udongo waweza kuwa wa wote, na watu wakaishi juu yake kwa amani, siku zote ambazo hapana mkono unaoweza kubomoa ukuta pasipo kumwuliza aliyeujenga.